Mayai ya Mtaa Mzima

Umeme uliporudi adhuhuri ile, ulirudi kwa hasira. Balbu ya ukumbini ilipasuka, mashine ya kinyozi ikaguna mara moja mkononi mwake ikanyamaza, na mteja akabaki na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Hakuna aliyemjali. Kutoka chumba cha nyuma ulisikika mlio mfupi, kama wa punje ya hindi inayopasuka kikaangoni, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikatambaa nyumba nzima. Aliyefika wa kwanza alikuwa Mama Vifaranga, mama mzazi wa kinyozi, pamoja na magoti yake mabovu.

Katika chumba kile ilisimama mashine ya kutotolesha mayai, ndefu kama kabati la nguo, na ndani yake mlikuwa na mayai ya mtaa mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya nyumba. Watu walileta mayai yao, yakatiwa alama kwa penseli, kila mwenye mayai na alama yake, na wiki tatu baadaye wakarudi kuchukua vifaranga. Ya mwalimu mstaafu yalikuwa na nyota. Ya fundi baiskeli yalikuwa na gurudumu. Ya muuza mkaa hayakuhitaji penseli, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kunawa mikono kabla ya kuyaleta. Mama Vifaranga alianza na kuku wanne wa kuatamia, akaaminiwa, mpaka jina la utani likalimeza jina lake la kweli. Mashine ilikuja baadaye, naye aliikubali shingo upande, kwa kumpenda mkwewe.

Mkwewe huyo, mke wa kinyozi, mtaa ulimwita Waya. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za vifaa vidogo, mita za maji na kengele za milango, vitu visivyo na kibodi lakini vyenye akili ndani. Akili ya mashine ya mayai aliitengeneza mwenyewe: ubao wa kijani wenye ukubwa wa kiganja, na katikati yake chipu moja nyeusi. Sasa ile chipu ilikuwa na tundu mgongoni. Waya aliunusa ubao, akaugeuza, akasema kwa sauti ya chini kwamba imekufa.

"Kuku wangu walikuwa hawaungui na umeme," alisema Mama Vifaranga.

Waya aliufunga ubao kwenye kitambaa. Alichukua mkoba, akatoka mbio na kandambili za nyumbani hadi duka la vipuri. Muuza duka alipoiona ile chipu alicheka kwa huruma, akasema aina hiyo imeadimika, hata akiagiza itachukua mwezi. Alichokuwa nacho ni chipu ya ukoo mwingine kabisa, juu ya ubao wa buluu, mpya, ina nguvu zaidi na bei nafuu. Waya alijua maana ya ukoo mwingine. Aliinunua hivyo hivyo, na njiani kurudi alikuwa tayari anahesabu kichwani vitu vya kubadilisha.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya mashine iliyopoa, mikono mapajani.

"Mwanangu, nikuambie jambo, na usinune," alisema. "Mayai haya si yangu. Yakifa, nitapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nikimaliza, hii mashine naiuza kwa watu wa vyuma chakavu, na mimi kazi hii basi. Sitangoja nifukuzwe kwa maneno ya watu."

"Hayatakufa, mama."

"Umeniahidi wewe. Siyo mashine."

Kisha akasimama na kuanza kutoa amri, na hapo nyumba ikafunga kibwebwe.

Wifi yake Waya, dada mdogo wa kinyozi, alikuwa mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alileta blanketi zote alizokuwa nazo, na vitambaa vya wateja ambavyo hakupaswa kuvileta. Kinyozi alichangia kikausha nywele na taulo zake za moto. Mayai yakabaki kwenye trei ndani ya mashine, yamefunikwa kama wagonjwa, na kila taulo ilipopoa ikabadilishwa kwa nyingine. Mama Vifaranga aliyageuza kwa mkono moja moja, upande wenye alama chini, kisha upande wenye alama juu, maana yai lisipogeuzwa kifaranga hugandana na ganda. Kwenye trei ya juu alilaza kipimajoto chake cha kioo, kile cha enzi za kuku. Huko mbele, wateja wa kinyozi walipanguswa nyuso kwa taulo baridi, na walipouliza waliambiwa za moto zinaumwa.

Waya alijipa nafasi kwenye meza ya cherehani. Alifungua kompyuta mpakato, akachomeka ubao wa buluu, akakunja mikono ya blauzi. Mama Vifaranga alimwendea mara ya kwanza akiwa na swali lililomkera tangu mchana.

"Programu si unayo humo? Ihamishe tu."

"Ninayo, mama. Lakini chipu hii haisikii lugha ya ile iliyokufa." Waya aligeuka kwenye kiti. "Ukiwa unapika, mtu akapiga hodi, unafanyaje?"

"Namkaribisha."

"Kabla ya kumkaribisha."

Mama alifikiri. Alisema anapunguza moto, anafunika sufuria, anaweka mwiko mahali atakapouona, na anajikumbusha kama chumvi ameshatia.

Basi hiyo, Waya alimweleza, ndiyo kazi ya kiini cha programu. Mashine ina feni, ina kipasha joto, ina maji ya unyevu, ina mota ya kugeuza trei, lakini chipu ina kichwa kimoja tu. Inashika kazi hii kidogo, inaiweka chini, inashika ile, inarudi kwenye ya kwanza pale pale ilipoiachia, upesi hata ungedhani inafanya yote kwa pamoja. Na kila kifaa kinapopiga hodi lazima kipokewe kwa wakati wake, siyo baadaye kidogo. Programu nyingine zote zingetafsiriwa na kompyuta bila shida. Kiini ndicho kilichoshikana na chipu mwili kwa mwili, na sehemu yake ya chini kabisa ilibidi iandikwe upya kwa mkono. Chipu ya zamani ilikuwa na mikono kumi na sita ya kushikia mambo. Hii ina thelathini na miwili, na kila mkono uelezwe wapi pa kuweka ulichobeba mgeni anapoingia.

"Na joto likipiga hodi lisipokewe?" mama aliuliza.

"Mayai yanaiva."

"Yanaiva," mama alirudia, na neno lile hakulipenda hata kidogo.

"Mikono thelathini na miwili," alisema wifi kutoka kwenye trei, "na haijui kugeuza yai."

Ukweli usemwe, hata kama unaona haya kuusema: Waya alikuwa na furaha. Nyumba ilikuwa kama ina msiba, mume anakimbia na taulo, mama mkwe kauma midomo, naye moyo ulikuwa unamdunda kama wa mtu anayekwenda harusini. Alikuwa ameandika mita za maji miaka yote, mita ile ile kwa jina jipya. Sasa alikuwa na chipu asiyoijua, kitabu chake kinene kimefunguliwa kwenye kioo cha kompyuta, na kila ukurasa ulikuwa na jambo la kumfanya aseme "kumbe!" peke yake. Alisahau chai mpaka ikaota utando. Alijilaumu kwa furaha hiyo, kisha akaendelea kufurahi.

Jioni ile taa ndogo ya kijani kwenye ubao ilianza kuwaka na kuzimika. Waya alimwita mume wake kwa sauti iliyomfanya aje na kitana mkononi, akidhani mtu kaungua. Kinyozi aliitazama taa kwa heshima, akatafuta neno la kusema.

"Hata ya baiskeli inafanya hivyo," alisema hatimaye.

"Ya baiskeli haijaandikwa na mkeo."

Kinyozi alikubali kwamba hilo ni kweli, akambusu utosini na kurudi kwenye taulo. Taa ile ilikuwa na maana moja tu, kwamba chipu imeamka na inamsikia. Kazi yenyewe ilikuwa mbele. Waligawana zamu za kulala na kugeuza mayai, na kulipokucha Waya alikuwa mezani tena, akijaribu kuifanya chipu ishike kazi mbili kwa zamu: taa ya kijani iende kwa mwendo wake na taa nyekundu kwa wake. Zilikuwa zikiwaka mara moja, zote mbili, kisha kimya. Akiwasha upya, hivyo hivyo. Alisoma mistari yake kwa kidole, mkono mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye ule unaokumbuka njia ya kurudi. Huo hakuuandikia mahali pa kuweka kitu. Kazi ilikuwa ikiitwa pembeni na kurudi haijui ilikotoka, basi inapotea jumla. Aliongeza mistari miwili, akashikilia pumzi, akawasha.

Kijani ikaenda haraka haraka. Nyekundu ikaenda polepole, bila kuingiliana, kila moja na mwendo wake. Waya alisimama akapiga meza kwa viganja hata cherehani ikaruka, na wifi, ambaye hakuelewa kitu, alijikuta anacheka naye na kumshika mabega. Hata Mama Vifaranga alikuja kutazama. Alizitazama zile taa muda mrefu kuliko kinyozi.

"Hii ya pili inaisubiri ya kwanza?" aliuliza.

"Zinapokezana, mama."

"Hmm," alisema Mama Vifaranga, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Asubuhi hiyo hiyo viti vya kinyozi vilijaa watu wasiotaka kunyolewa. Yule mteja wa nusu kichwa alikuwa ameshautangazia mtaa habari zote, akizitia chumvi ya kutosha, na wenye mayai walikuja mmoja mmoja kuangalia, kwa kisingizio cha kupita tu. Fundi baiskeli alijitolea kuiangalia mashine, ingawa, kwa alivyosema mwenyewe, hajui umeme. Muuza mkaa hakuzunguka. Aliuliza kama mayai bado yanafaa kukaanga, angalau asikose vyote. Mama Vifaranga alimjibu kwa upole kwamba mayai yake yana damu na mishipa tayari, hayaliki, na akaondoka pale upesi. Miaka yote mtu alikuwa hajawahi kumuuliza swali kama lile.

Aliyemuumiza zaidi ni mwalimu mstaafu, kwa sababu alikuwa na adabu. Alivua kofia, akaulizia magoti yake, akaulizia wajukuu.

"Sikuja kulaumu, bibi," alisema. "Nimekuja kuchukua. Nina kuku mmoja nyumbani ameanza kuatamia. Labda atayaokoa machache."

Mama Vifaranga alitaka kumwambia kwamba kuku mmoja hawezi, na kwamba kuyabeba barabarani kungeyamaliza. Lakini alikuwa amepoteza haki ya kumfundisha mtu juu ya mayai, au ndivyo alivyojiona. Alimwomba akae kidogo. Mwalimu akakaa na kofia magotini, na watu wengine wakaona kama mwalimu anangoja, basi nao wangoje.

Katika chumba cha nyuma, Waya alikuwa anafunga skrubu ya mwisho. Ubao wa buluu uliingia mahali pa ule wa kijani, nyaya zikashikishwa. Aliwasha. Feni ikaanza kuvuma, kipasha joto kikawa chekundu, na trei zote zikainama kwa pamoja upande wa kushoto, taratibu, kwa heshima, kama zinavyopaswa. Nambari kwenye skrini ndogo ya mlangoni ikapanda mpaka thelathini na saba na nusu, joto lile lile la yai chini ya tumbo la kuku, ikasimama, na feni ikaongeza kasi kulisambaza. Wifi alitupa taulo juu. Kinyozi alikimbilia ukumbini kuwaambia watu, na huko mbele makofi yakasikika. Waya alijiona kimo kimemwongezeka, na tumsamehe, maana si kila siku mtu anaamsha kitu kilichokufa.

Mama Vifaranga hakupiga makofi. Alibaki ameinama kwenye dirisha la mashine, jicho kwenye kipimajoto chake cha kioo.

"Mwanangu," alisema baadaye, "changu kinasema thelathini na tisa."

"Hicho cha zamani, mama. Skrini inasema thelathini na saba na nusu."

"Sasa kinasema arobaini."

"Skrini..."

"Achana na skrini. Weka mkono."

Waya alifungua mlango. Joto lilimpiga usoni kama la tanuri, na jasho jembamba likamtoka mgongoni palepale. Alipiga kelele kwamba kipasha joto kizimwe. Kinyozi alirudi mbio, akarukia trei, akazivuta nje mbili mbili. Wifi, aliyekuwa karibu na plagi, alichomoa ya kwanza iliyomjia mkononi, na ilikuwa ya feni. Alipoona kosa lake akachomoa na ile nyingine. Lakini katikati ya plagi ile na hii, Waya alikuwa ameona kitu. Feni iliponyamaza, nambari kwenye skrini, iliyokuwa imeganda muda wote, iliruka mara moja hadi arobaini na moja.

"Wifi, rudisha feni," alisema.

"Umeingiwa na wazimu?"

"Ya feni tu. Joto liache limezimwa. Rudisha."

Wifi akarudisha. Mashine ilikuwa inapoa sasa, mlango wazi, na kipimajoto cha kioo kilikuwa kinashuka mbele ya macho yao, lakini skrini iling'ang'ania nambari moja. "Chomoa." Nambari ikashuka kwa mruko hadi pale pale kilipokuwa kipimajoto cha kioo. "Rudisha." Ikaganda. Waya alianza kucheka, akashika mlango wa mashine ili asianguke, na mama mkwe akamtazama kwa hofu ya kweli, akidhani sasa ana wagonjwa wa namna mbili.

"Nimewapanga kichwa chini!" alisema Waya. "Mama, wote wanapiga hodi, lakini nimewapanga kichwa chini. Kwenye chipu ya zamani, mwenye nambari moja ndiye wa kwanza kupokewa, kama foleni hapo kwa mume wangu. Joto nililipa nambari moja, feni nikaipa saba. Hii mpya imepanga kinyume, mwenye nambari kubwa ndiye mkubwa. Feni ikishika kasi inapiga hodi mara mia kabla hujapepesa jicho, kila ikipiga inafunguliwa, na joto limesimama mlangoni halisikiki!"

"Na kule mezani mbona ilikubali?" aliuliza kinyozi, amekumbatia trei.

"Mezani hakukuwa na feni. Nimehamia nyumba ya watu na desturi za kwetu, mume wangu. Hata kuuliza sikuuliza."

Alisema haya akiwa tayari anaandika. Alibadilisha nambari mbili, akaangalia nyingine zote moja baada ya nyingine, safari hii kitabu cha chipu kikiwa wazi mbele yake, akakuta ya maji nayo imekaa kinyume. Akairekebisha. Akawasha mashine tupu, akaweka kipimajoto cha kioo ndani, akakaa kwenye ile ndoo. Skrini na kioo vilipanda pamoja. Walipofungua mlango vilishuka pamoja. Walipofunga, vilipanda, vikafika thelathini na saba na nusu, kipasha joto kikazima chenyewe, kikawaka chenyewe, kikazima. Mama Vifaranga alifungua na kufunga ule mlango mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka akaridhika nafsini mwake, kisha akaashiria trei zirudi ndani. Wote walikuwa wanatabasamu wasiweze kujizuia, na wote walikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyethubutu kulisema.

Mama ndiye aliyechukua tochi. Aliingia stoo, mahali pasipo na dirisha, akamwita mkwewe na bakuli la mayai machache, akafunga mlango.

Yai la kwanza lilikuwa la muuza mkaa. Alilikalisha juu ya mdomo wa tochi, na ndani ya ganda mwanga mwekundu ukaonyesha mishipa na doa jeusi katikati. Doa lilikuwa limetulia. Mama alilingoja, akaligeuza kidogo, akalingoja tena, kisha akaliweka pembeni. La pili lilikuwa la gurudumu. Nalo lilitulia.  Waya aliwaona tayari wale watu kwenye viti vile, akamwona mama mkwe wake anapita mlango kwa mlango na kitenge chake kizuri, anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

"Mama, nisamehe," alisema.

"Nyamaza," alinong'ona mama. "Unalitisha."

La tatu lilikuwa la nyota. Ndani ya mwanga ule mwekundu doa lilijikunja, likanyooka, likapiga teke dogo, kama mtoto anayekataa kuamshwa.  Mama alimkabidhi Waya tochi na yai pamoja ili aone kwa macho yake, naye Waya akaona. Walirudi kwa la gurudumu, na sasa nalo lilijigeuza. La muuza mkaa lilichukua muda, lakini hatimaye doa lake likajongea, kwa uvivu, upande mmoja. Walipima bakuli zima. Moja tu ndilo lililokataa kabisa.

"Tulikaribia kuyapika," alisema mama, na akamfuta mkwewe machozi kwa ncha ya kitenge, kisha akajifuta ya kwake.

Alifungua mlango wa stoo akaenda mbele, hakukumbuka kuchechemea. Watu walimgeukia wote kwa pamoja. Mwalimu mstaafu alisimama, akavaa kofia, akasema kwa upole wake ule ule kwamba yuko tayari kuyapokea, kama yamefungwa vizuri.

"Nenda nyumbani, mwalimu," alisema Mama Vifaranga.

"Na mayai yangu, bibi?"

"Nenda kajenge banda."